Nilimfuata Mume Wangu Baa

Jumatano moja jioni, tulipokwisha kusali katika kikundi chetu cha wanawake na tukawa tunakusanya vikombe vya chai, mama mmoja kijana alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa, "Mama Neema, eti ni kweli ulipokuwa Uingereza uliingia baa?"

Nikamjibu kwamba ni kweli, tena zaidi ya mara moja. Alinyamaza kidogo, akawa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Kisha likaja swali lake hasa. "Ulikwenda kumtoa mzee?"

Sikumjibu sawasawa siku ile, kwa kuwa watu walikuwa wengi na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. Leo namjibu kwa maandishi, nanyi akina mama wenzangu karibuni msikilize.

Inanipasa nianzie nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa vijijini Moshi. Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, lakini mpenzi wa mbege. Kilabu kilikuwa chini ya soko, banda la mabati lenye mabenchi marefu na giza hata mchana. Mama yangu hakuweza kumfuata kule, kwa maana mke kumfuata mumewe kilabuni ilikuwa ni kumvua nguo mbele ya rika lake. Basi alinituma mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 9. Nilisimama mlangoni mpaka macho yazoee giza, ndipo nikamtambua kwa kofia yake, nikaenda mbele yake na kusema yale yale ya kila siku: "Baba, mama anasema chakula kimeiva." Siku nyingine alicheka, akanipa senti hamsini, akaja. Siku nyingine alinifokea mbele ya watu wote, nao wakacheka. Ulikuwapo mwaka ambapo malipo ya kahawa yaliishia pale pale kabla hayajapanda mlima kuja nyumbani, tukafungua shule na sare zetu za mwaka uliopita.

Sisemi haya ili kumchafua baba. Wala tusifiche kwamba mbege ile ilipikwa na akina mama, wengine wao wajane, na wapo waliosomesha watoto kwa fedha hiyo. Nasema tu ili mjue kwa nini nilijiapiza nikiwa mtoto kwamba nikikua sitakanyaga tena mahali panapouzwa pombe, wala sitaolewa na mtu anayekwenda huko. Katika uchumba wetu hilo ndilo lililokuwa swali langu la kwanza kwa Baba Neema. Akasema hanywi. Alisema kweli.

Mwaka 1993 mume wangu alipata ufadhili wa masomo akaenda London. Mwaka uliofuata nikamfuata pamoja na watoto wetu wawili, Neema akiwa na miaka 6 na mdogo wake miaka 3. Tulikaa kaskazini mwa jiji katika vyumba viwili vyenye baridi, na jiko la gesi lililokula sarafu. Mimi nikapata kazi ya kufagia ofisi katika mtaa wa Holborn, ambao upo katikati kabisa ya jiji, penye mawakili na vyuo. Nilipanda basi alfajiri kabla hakujapambazuka. Baba Neema ndiye aliyewanywesha watoto uji na kumpeleka Neema shule.

Kwa hiyo nilizijua baa za London kwa nje kabla ya kuzijua kwa ndani. Wenyewe huziita pabu, yaani kwa kirefu chake nyumba ya umma, nyumba ya watu wote. Zimesimama kwenye kona za mitaa, mbao zake zimepakwa rangi nyeusi au kijani, majina yameandikwa kwa dhahabu, na maua yananing'inia katika vikapu, mazuri kuliko ya makanisa mengi. Juu ya mlango kuna kibao chenye picha: simba mwekundu, mwana-kondoo, taji, kichwa cha mfalme. Desturi ya vibao hivyo ni ya kale sana. Mfalme Richard wa Pili aliwalazimisha wauza pombe kuviweka mwaka 1393, na picha ilisaidia kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma. Asubuhi nilikuta milango ya mbao iliyolala chini, pale wanapopita waenda kwa miguu, imefunguliwa, na wanaume wanateremsha mapipa kwenda chumba cha chini ya ardhi, ambako bia hutunzwa kwa ubaridi wa kadiri, si wa barafu. Harufu ya bia ya jana na maji ya deki ilipanda kutoka shimoni. Kila mara ilinirudisha chini ya soko, Moshi.

Lakini kilichonikera zaidi ni vioo. Madirisha ya pabu za zamani yamechongwa maua na mapambo mpaka yakawa ya ukungu, mwanga unapita ila jicho halipiti. Nilijiuliza, kama mnayoyafanya humo ni mema, mnajificha nini?

Mwaka wa pili ndipo ikaanza Alhamisi. Baba Neema alikuwa na semina chuoni Alhamisi jioni, na ilipokwisha, mhadhiri na wanafunzi walihamia pabu ya jirani. Mwanzoni alirudi saa mbili. Kisha saa tatu. Kisha saa nne na nusu, koti likinuka sigara. Nilipomwuliza anakunywa nini, alisema maji ya machungwa. Nikamwamini mwezi mmoja. Baadaye nikaacha kumwuliza, na nadhani akina mama mnaelewa kwamba kuacha kuuliza si sawa na kuamini. Nilikaa kitandani na nguo zangu za kutwa nikihesabu mabasi yanayopita, nikamwona mama yangu amekaa ndani yangu.

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba 1995. Niliwaacha watoto kwa jirani yetu, mama wa Kighana, nikavaa koti langu la kanisani, nikapanda basi kurudi kule kule nilikofagia asubuhi. Mvua ilikuwa inanyunya. Nilipofika kwenye kona ile, vioo vilikuwa vinawaka kwa ndani kama karabai, sauti zinasikika na watu hawaonekani. Nilikuwa na miaka 35, mama wa watoto wawili, mweka hazina wa kikundi cha wanawake nyumbani, na nilisimama mlangoni vile vile nilivyosimama nikiwa na miaka 9. Nilikuwa nimeandaa maneno. Sitayaandika hapa.

Nikasukuma mlango.

Jambo la kwanza ni kwamba hakuna aliyegeuka. Nilitegemea kimya kianguke, kama kingeanguka kwetu. La pili ni joto. Miezi yote ile London sikuwa nimewahi kuingia mahali penye joto la kutosha. La tatu nilimwona mume wangu. Alikuwa amekaa meza ya pembeni na watu watano, wawili wao wanawake, na mbele yake kulikuwa na glasi ya bia iliyobaki nusu. Hayakuwa maji ya machungwa. Alikuwa anasimulia kitu kwa mikono yote miwili, habari za basi lililokwama kwenye tope njia ya Same, hadithi ninayoijua, nao wanacheka, naye anacheka mpaka kichwa kinarudi nyuma.

Wapendwa, niwaambie kweli. Bia ile iliniuma, lakini kicheko ndicho kilichonichoma. Kule nyumbani kwetu, katika vyumba vile viwili, hakuwa amecheka hivyo tangu nilipofika.

Aliponiona alisimama haraka mpaka meza ikatikisika. "Mama Neema! Watoto wazima?" Nikasema wazima. Wenzake wakasogea. Kwenye benchi la ukutani alikuwapo bibi mzee wa Kiingereza aliyekaa peke yake, kofia ya sufi kichwani. Akaondoa mkoba wake, akapigapiga benchi kwa kiganja akinionyesha nikae. Nikakaa. Mhadhiri akaniuliza ninywe nini. Nikasema maji ya machungwa, kwa sauti kubwa kidogo, ili mtu fulani asikie.

Kwa hiyo mwanangu uliyeniuliza, ndiyo, nilikwenda kumtoa. Nikakaa.

Mambo ya ndani ya basi usiku ule ni yetu wawili, ila machache nitayasema kwa kuwa yeye sasa ametangulia mbele ya haki na najua asingekataa. Nilimwambia, "Baba Neema, umenidanganya." Akasema mwanzoni ilikuwa kweli maji ya machungwa, baadaye ikawa bia moja, na alishindwa kuniambia kwa sababu ningelia kama mama. Hilo lilinikata. Kisha akasema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo: "Pale wananiuliza habari zangu. Nyumbani tunaulizana pesa tu." Sikuwa na jibu, maana asubuhi ile ile nilimwamsha kwa habari ya sarafu za gesi.

Hatukupatana siku hiyo. Tulinuniana karibu wiki mbili, na watoto wakajua. Mwishowe tulikubaliana kwamba Alhamisi moja kila mwezi nitakwenda naye, na kwamba bia ni moja tu. Tena kila Jumamosi tungetoka wote wanne kutembea mjini, kwenye majumba ya makumbusho yasiyotoza kiingilio. Alinywa moja yake ile mpaka tuliporudi nyumbani mwaka 1997. Huku hakunywa tena, au kama alikunywa sikujua.

Basi kwa hizo Alhamisi zangu, nikiwa na glasi yangu ya machungwa, nilipata nafasi ya kuzitazama pabu kwa macho mapana, na nina maoni yangu. Wengine hawatayapenda.

Mazuri kwanza, maana yapo. Mtu hulipa pale pale kaunta kabla hajaondoka na glasi yake. Sikuona daftari la madeni. Aliyeishiwa anakwenda nyumbani. Fikiria ni nyumba ngapi zetu zimeumizwa na lile daftari la kilabuni! Pili, wakati ule ikifika saa tano usiku kengele ilipigwa, mwenye nyumba akatangaza kwamba muda umekwisha, wakapewa dakika 20 za kumalizia kilichopo mezani, kisha taa zikawashwa zote na mtu akatoka apende asipende. (Sheria hiyo ililegezwa mwaka 2005, siku hizi kila nyumba ina saa zake kwa kibali.) Tatu, mwanamke aliingia peke yake, akakaa na gazeti lake, na sikuona mtu akimgusa.

Hili la tatu halikushuka kutoka mbinguni. Yule bibi wa kofia ya sufi, ambaye nilizoea kukaa naye, aliniambia kwamba alipokuwa bibi harusi kijana asingethubutu kuingia chumba cha kaunta peke yake. Angedhaniwa ni malaya. Pabu ziligawanywa vyumba: upande wa wafanyakazi wenye sakafu tupu, na upande wa waungwana wenye zulia, ambako bia ile ile iliuzwa bei ya juu kidogo na mke angeweza kukaa na mumewe. Huko Fleet Street ipo pabu kongwe iitwayo Ye Olde Cheshire Cheese, iliyojengwa upya mwaka 1667 baada ya moto mkuu wa London, na juu ya mlango wa chumba kimoja bado kuna maandishi kwamba humo wanahudumiwa wanaume waungwana tu. Siku hizi ni pambo. Lakini mtaa huo huo baa ya mvinyo iitwayo El Vino iliendelea kukataa kumhudumia mwanamke kaunta, mpaka wanawake wawili, mmoja mwanasheria na mwingine mwandishi, walipoipeleka mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 1982 kwamba huo ni ubaguzi. Nilipolisikia nilicheka. Kwetu tulikuwa tunahangaika kuwatoa wanaume, kumbe wenzetu walikuwa wanashtaki ili waingie!

Na vile vioo vya ukungu, bibi alinieleza navyo. Katika pabu iitwayo The Lamb, mtaa wa Lamb's Conduit, bado vipo vidirisha vidogo vya kioo juu ya kaunta vinavyozunguka, ili mteja mwenye heshima zake achukue glasi bila mhudumu kumwona uso. Basi sikukosea sana. Walikuwa wanajificha, kila tabaka likiificha heshima yake kwa tabaka jingine.

Sasa mabaya. La kwanza ni desturi ya kununuliana kwa zamu. Marafiki sita wakikaa, mmoja ananunua glasi sita, kisha wa pili, kisha wa tatu, na aliyekuja kwa moja tu anajikuta na sita, kwa sababu kuondoka kabla zamu yake haijafika ni aibu kuu. Glasi yenyewe si kikombe cha chai. Ni painti, kama mililita 568. Msifikiri ni mimi tu niliyeona ubaya huo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ilipiga marufuku kumnunulia mwingine pombe. London agizo hilo lilianza Oktoba 1915. Walijua kwamba ukarimu unalewesha kuliko kiu. Baba Neema alinusurika kwa kuwa pesa hatukuwa nayo, na kwa kuwa mhadhiri alikuwa muungwana akamwelewa.

La pili linahusu watoto. Nilimsimulia yule bibi habari za kilabu cha Moshi, jinsi nilivyotumwa. Alinitazama kwa muda, akasema mama yake mwenyewe alitumwa akiwa mdogo, hapa hapa London, ila yeye hakutumwa kumwita baba; alitumwa na jagi kuleta bia ya baba. Ilikuwa kawaida. Mwaka 1901 Bunge likakataza kumwuzia mtoto wa chini ya miaka 14 isipokuwa kwenye chombo kilichozibwa na kupigwa lakiri, na mwaka 1908 sheria ya watoto ikamfungia kabisa asiingie chumba cha kunywea. Bibi wa Kiingereza na mimi Mchaga tulikaa pale kwenye benchi moja, tukimfikiria mtoto mmoja.

La tatu ni uzuri wenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Pale High Holborn kuna pabu iitwayo Princess Louise, jina la binti wa Malkia Victoria. Ndani yake, iliyopambwa mwaka 1891, kuna vigae vya rangi, vioo vilivyochongwa mpaka darini, mbao za mahogani, na hata choo cha wanaume ni cha marumaru na kinalindwa pamoja na jengo kwa sheria ya majengo ya kale. Mtu akisimama humo anajiona yuko ikulu. Lakini ukitembea dakika chache kuelekea magharibi unafika St Giles. Ndipo William Hogarth alipopachora mwaka 1751 katika picha yake iitwayo Gin Lane, wakati maskini wa London walipokuwa wakiangamia kwa pombe kali ya bei rahisi. Katikati ya picha mama mlevi amekaa kwenye ngazi, anachukua ugoro, na mtoto wake mchanga anaanguka kutoka mikononi mwake kichwa chini, naye hajui. Niliiona nakala yake nikalazimika kukaa chini. Cha ajabu, Hogarth alichora na picha ya pili ya kuisifu bia, watu wote wanene na wenye furaha! Kila kizazi kina pombe yake inayohesabiwa kuwa si pombe.

Nilijiuliza kwa nini wauza pombe wa karne ya 19 waliweka vioo na mataa mengi namna ile. Jibu nililipata kwa kufikiria chumba chetu cha kaskazini. Familia nzima ya kibarua wakati ule iliishi katika chumba kimoja chenye unyevu, bila makaa ya kutosha. Baba anatoka kazini. Mkono wa kulia nyumba ya giza na vilio vya watoto, mkono wa kushoto nyumba ya watu wote, taa, moto, na mtu anayemjua kwa jina. Ukiongeza na kanisa, ambalo limefungwa tangu Jumapili. Hata mwaka 1995, kanisa lililokuwa jirani na pabu yetu lilikuwa na kufuli kila Alhamisi nilipopita.

Wapo Wakristo waliolitambua jambo hili mapema. William Booth alianza mwaka 1865 kwa kuhubiri nje ya pabu iitwayo The Blind Beggar, huko Whitechapel mashariki mwa jiji, na kazi yake pamoja na mkewe Catherine ndiyo iliyokuja kuwa Jeshi la Wokovu. Alisimama pale mlangoni. Jioni moja nilimwona dada mmoja wa Jeshi hilo, amevaa sare, anapita meza kwa meza ndani ya pabu na magazeti yake, na wanywaji wakimtolea sarafu bila mzaha. Nilimwonea wivu kidogo, maana yeye alijua alichokuja kufanya humo.

Mwingine ni Emma Cons. Mwanamke huyu hakuolewa, alisimamia nyumba za kupanga za maskini, akaona jinsi mishahara inavyoishia kwenye pombe. Mwaka 1880 alichukua jumba la michezo kule Waterloo, ng'ambo ya Mto Thames, akalifungua upya kama ukumbi wa kahawa na muziki, bila pombe. Jumba hilo lipo mpaka leo, linaitwa Old Vic. Wakati huo huo watu wa harakati za kuacha pombe walifungua baa za kahawa sehemu nyingi za jiji. Nyingi hazikudumu. Lakini angalau walielewa kwamba huwezi kumwambia mtu "toka humo" bila kumwonyesha mlango mwingine ulio wazi, wenye taa.

Nimewahi kulisema hili kwenye mkutano wa wanawake wa dayosisi yetu, nikaambiwa ninatetea baa. Sitetei. Mimi sinywi, na ninayo kumbukumbu ya kilabu kichwani kama kovu. Nilichosema, na ninarudia, ni kwamba ukumbi wetu wa kanisa una viti 200 na umeme, na Jumatatu mpaka Jumamosi jioni umefungwa kwa kufuli, isipokuwa siku za kwaya na Jumatano yetu. Waume zetu wakitoka kazini saa kumi na mbili, wakae wapi wazungumze? Mzee wa kanisa mmoja alinijibu, "Wakae nyumbani na wake zao." Ni jibu zuri. Nilitamani kumwuliza yeye mwenyewe hukaa wapi.

Nilirudi London mwaka 2018. Baba Neema alikuwa amefariki miaka sita kabla. Neema ni muuguzi huko, ameolewa, ana mtoto wa kike. Jumapili moja baada ya ibada alisema, "Mama, leo tule nje," akanipeleka Holborn, kwenye kona ile ile. Sikuwa nimemwomba.

Ndani pamebadilika. Moshi wa sigara haupo, kwani ulipigwa marufuku tarehe 1 Julai 2007. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na wazazi. Kulikuwa na viti virefu vya watoto na karatasi za kuchorea. Watu wengi walikuwa wanakula nyama ya ng'ombe ya kuchoma na viazi kuliko waliokuwa wanakunywa. Mhudumu alisema pabu nyingi zinafungwa, na kweli, mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na zaidi ya pabu 60,000, na kufikia mwaka 2018 zilikuwa zimeshuka chini ya 50,000. Bei, kodi, watu kunywea nyumbani mbele ya televisheni. Nilishangaa kusikia moyo wangu ukisikitika. Pale kwenye benchi la ukutani palikuwa na kijana na kompyuta yake.

"Baba alikuwa anakaa wapi?" Neema akaniuliza. Nikamwonyesha meza.

Akaitazama, kisha akasema, "Nakumbuka ile siku uliyotuacha kwa mama wa Kighana. Nilikaa dirishani mpaka mkarudi. Nilidhani umeenda kutuacha."

Miaka 23 hakuwahi kuniambia. Nami siku zote nilikuwa nahesabu kwamba mtoto aliyesimama mlangoni usiku ule nilikuwa mimi.

Mhudumu akaja kuuliza tunakunywa nini. Nikasema maji ya machungwa. Neema akaagiza nusu glasi ya bia, halafu akanitazama, macho ya baba yake kabisa. Sikusema neno. Nilimchukua mjukuu nikampakata, nikaanza kumkatia viazi vidogo vidogo, maana vilikuwa bado vya moto.